Seif, hiyo baiskeli usiuze kwanza

Mwanangu Seif,

Salama? Shemeji na watoto hawajambo? Huku sisi wazima, baridi imeanza kulegea, mengine tutaongea kwa simu. Nimetoka kuongea na Mwanaidi sasa hivi ndo kanipa habari kwamba baiskeli umeiweka sokoni, tena na pampu na keria na kila kitu, na kuna Mkongo keshakuja kuikagua. Hebu ngoja kidogo. Usimpe mtu mpaka umalize kusoma hapa, na kama jamaa katanguliza hela mrudishie, nitachangia.

Najua ulivyofanyiwa. Mtu anafungua mlango wa gari bila kuangalia nyuma, wewe mtulinga unavunjika, yeye anahangaika na mkwaruzo wa mlango wake. Mimi pengine ningeitupa mtaroni siku ileile. Ila uliniambia kitu kwenye simu mpaka leo kinanizunguka kichwani, kwamba miguu inataka, tatizo masikio, kila injini ikisikika nyuma mgongo unakaza wenyewe. Sasa mimi huku kuna sehemu naendesha kutwa nzima na nyuma yangu haiji injini yoyote, labda bibi mmoja na mbwa wake, nao wanakusalimia bonjour kabla hujafungua mdomo.

Ni ule mfereji wa huku Ufaransa, wa Nantes kwenda Brest, ambao kila nikikutajia unabadilisha mada unaanza mambo ya Simba na Yanga. Aliouagiza ni Napoleon, maana manowari za Waingereza zilikuwa zimemzibia bahari pale Brest, akataka mizigo ifike bandarini kwa kupita ndani ya nchi. Ukaja kuisha 1842, yeye keshakufa zamani, na haukupita muda treni nayo ikaja ikaunyang'anya mzigo. Baadaye tena wakajenga bwawa la umeme la Guerlédan, lilikamilika 1930, likauzamisha mfereji pale katikati pamoja na malango yake 17 ya kupandishia mashua, so mashua haiwezi tena kutoka mwanzo mpaka mwisho. Yaani hasara tupu ya serikali, ila sisi wa baiskeli ndo tumerithi! Yamebaki maji yametulia kilomita 360 hivi na pembeni ile njia waliyopita farasi wakikokota mashua, na kwa vile farasi hawezi kupanda mlima anavuta mashua basi njia karibu yote ni tambarare. Magari hayaruhusiwi. Utayaona pale tu njia inapokutana na barabara ya kijiji, unapunguza, unaangalia huku na huku, unavuka, basi, unaendelea na stori zako.

Chini ni changarawe iliyoshindiliwa. Ukitaka kuelewa ilivyo, fikiria barabara ya vumbi nyumbani wiki ile waziri anakuja ziara, kabla malori hayajaivuruga. Tairi inatoa kasauti fulani hivi ka kusagasaga, ukishazoea unakamisi ukirudi kwenye lami. Mvua ikinyesha ndo shida, na Bretagne, mkoa mfereji unakopita, inanyesha hata juani, yale manyunyu ya kijinga yasiyoisha, changarawe inakuwa uji mweupe unaingia kwenye cheni mpaka kwenye meno. Tairi zako nyembamba zile toa, weka za milimita 38 au 40 na upepo usijaze sana.

Milima haipo ila kuna malango ya maji, yale ya kupandishia mashua ngazi kwa ngazi, yako zaidi ya 230 mfereji mzima, na kila lango ni kapanda kadogo ambako hata bega lako halitajua. Malango mengi yana nyumba ya mlinzi, maua dirishani. Kati ya Rohan na Pontivy yamebanana, hujamaliza moja unaona jingine mbele. Mbali zaidi, kule Glomel, kuna mahali walipasua kilima kizima wapitishe mfereji na waliochimba ni wafungwa, kuanzia 1823 mpaka 1832. Pale huwa sisimami kula chochote, sijui kwa nini, napita tu.

Anyway, plani. Unakuja Nantes na treni, baiskeli umeifungua magurudumu iko kwenye begi, unalala kwangu, asubuhi tunapanda treni ya mkoa mpaka Redon, hiyo unaingia nayo nzima nzima. Kutoka Redon mpaka Malestroit ni kama kilomita 40, tunalala hapo kwenye kempu ya manispaa, hatuna haraka ya kumkimbilia mtu. Kesho yake Josselin, kuna ngome ya ukoo wa Rohan imesimama juu ya mto na wenyewe mpaka leo ndo wanaimiliki, utapiga picha umpelekee Kibwana aache kujisifu na Bagamoyo yake. Halafu Rohan, halafu Pontivy, ukichoka tunageuza. Usipochoka tunasogea mpaka Mûr-de-Bretagne, kile kilima alichoshinda Van der Poel kwenye Tour de France 2021 akavaa jezi ya njano ya anayeongoza, akalia kwa ajili ya babu yake Poulidor, na wewe ulilia pia usibishe, nilikuwepo. Hatukipandi! Tunakiangalia tu, pembeni kuna reli ya zamani waliyoing'oa wakaifanya njia ya baiskeli.

Chakula nishafikiria. Chapati zao za unga mweusi wa sarrasin ni tamu sana, ila usiagize ile wanaita complète maana ina nguruwe, sema yai na jibini tu. Maduka ya vijijini yanafungwa mchana na jumatatu ndo usiombe, hata mkate huupati. Maji tunajaza makaburini. Usikunje uso Seif, kila makaburi huku yana bomba la kumwagilia maua na waendesha baiskeli wote ndo wanajaza hapo, unasoma tu kama hawajaandika eau non potable, yaani maji hayafai kunywa. Yule Mrundi wetu alikataa katakata, akasema bora kiu, kufika lango la tatu akaniomba chupa yangu.

Mimi sikuambii urudi kwenye barabara za mjini, hata mimi siku hizi naziogopa, jana tu basi limenipita karibu linibusu. Ila kuuza kabisa... yaani ile baiskeli tuliyoitafuta wote miezi yote ile, halafu iende kwa mtu wa kuning'iniza mboga? Jaribu huku kwanza. Ukiona mgongo bado unakaza hata pale kwenye mfereji, mimi mwenyewe nitakutafutia mteja.

Sasa nijibu. Daktari kasemaje, mkono unapanda juu ya kichwa au bado? Unaweza kubeba begi mgongoni au vyote tuweke kwenye keria yangu? Juni mwanzoni unapata likizo au bado yule bosi anawapangia kwa upendeleo? Mwanaidi anasema naye anataka kuja, ni kweli au ananitania? Na huyo Mkongo umemwambia bei gani?

Ukija pitia Matonge, ule mtaa wa Waafrika Brussels, unichukulie dagaa na pilipili zile kali za mama wa kona, huku za madukani hazina maana kabisa, hela nakutumia leo leo.

Wako,
Hamza