Tusomeshe pia wasomaji wa picha za moyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na Wizara ya Afya ya Zanzibar, na wote wanaopanga masomo ya madaktari wetu, juu ya mtu ambaye husahauliwa kila tunapozungumzia vifaa vya moyo, naye ni yule anayeisoma picha.

Nimekuwa muuguzi hapa Pemba hadi kustaafu, lakini jambo hili lilinikaa vyema siku nilipokuwa jamaa wa mgonjwa. Mdogo wangu alianza kuhema na kushindwa kulala chali akiwa na mimba ya tatu, na kwa muda alitibiwa pumu. Baada ya kujifungua salama, alhamdulillahi, alipimwa eko, yaani kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, ikaonekana valvu ya kushoto, mlango wa damu baina ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, imebana na kwamba anafaa kuzibuliwa kwa puto linalopitishwa mshipani hadi moyoni. Tukapanda boti Mkoani, tukavuka hadi Dar es Salaam, sote tukiamini kuwa ni kazi ya siku mbili tatu.

Huko, kabla ya jambo lolote, daktari alimpitisha mdomoni mrija wenye kipimo cha mawimbi ya sauti hadi kwenye umio, kwa kuwa chumba cha juu cha kushoto cha moyo kimeegemea umio na hapo hapana mbavu wala mapafu ya kuizuia picha. Niliruhusiwa kusimama pembeni. Valvu ilionekana kama mdomo wa samaki anayetafuta pumzi. Daktari aliuzungusha mrija kidogo kidogo, akasita, akaurudisha nyuma, kisha akanionesha kifuko kidogo ubavuni mwa chumba kile, na ndani yake donge la damu likitikisika. Lau puto lingepitishwa siku ile, donge lile lingeweza kung'oka likaenda ubongoni. Mdogo wangu alirudi nyumbani na dawa za kuzuia damu kuganda, akazibuliwa miezi kadhaa baadaye. Simlaumu aliyempima mwanzo, kwani eko ya juu ya kifua mara nyingi haikioni kifuko hicho.

Tiba hizi za kurekebisha moyo bila ya kupasua kifua si ngeni tena. Kanji Inoue wa Japani na wenzake walichapisha habari za puto la valvu mwaka 1984, na mwaka 2002 Alain Cribier, mjini Rouen, Ufaransa, aliweka valvu mpya kwa kupitia mshipa wa paja. Anayefanya kazi hiyo hauoni moyo kwa macho yake. Hutegemea eksirei na, zaidi, mwenzake aliyeshika eko, anayemwambia atoboe wapi ukuta baina ya vyumba viwili na kama valvu imeanza kuvuja. Hata kuamua nani anafaa kwa puto ni kazi ya picha: hutazamwa wepesi wa valvu, unene wake, chokaa iliyoganda na hali ya nyuzi za chini yake, kila kimoja kikipewa alama 1 hadi 4, na jumla ya 8 au pungufu huashiria matokeo mazuri. Alama hizo hutolewa na jicho lililofunzwa. Ndiyo maana katika nchi zilizotangulia, daktari aliyekwisha kuhitimu ubingwa wa moyo hurudi darasani kwa takriban mwaka mmoja zaidi kwa ajili ya fani hii peke yake.

Wapo watakaosema tujenge kwanza chumba cha tiba hizo, ndipo tusomeshe watu. Mimi naona kinyume chake, kwa sababu ugonjwa unaotusumbua ni ule unaoanza na mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa, ukaharibu valvu za vijana na kina mama, na msomaji hodari wa picha ana kazi nao tangu siku ya kwanza anaporudi. Ataamua nani avuke bahari sasa, nani asubiri, nani aendelee na sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4, na atawafuatilia waliokwisha kutibiwa. Mdogo wangu hadi leo huvuka hadi Bara kwa kipimo kisichozidi nusu saa, na kila safari humgharimu nauli ya watu wawili na mahali pa kulala.

Kwa hivyo naiomba Wizara ianze na daktari mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba, pamoja na mafundi wa eko watakaofanya kazi nao. Wapelekwe kwenye hospitali yenye wagonjwa wengi wa namna hii ili mikono yao izoee, na wakisharudi wapewe wiki kadhaa kila mwaka katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ujuzi usije ukapotea. Zaidi ya yote, wasifanywe wakuu wa idara wa kutia saini makaratasi, bali waachwe kwenye mashine pamoja na wagonjwa.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Wete, Pemba