Risala ya Kikundi cha Kujisomea kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na walezi,
Mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama, nawe kwa kuitikia mwaliko wetu.

Sisi ni wanakikundi 14. Kila Jumamosi saa nane mchana tunakutana katika darasa tuliloazimwa na shule hii, tukisoma kozi za bure za mtandaoni, hasa uhasibu na kompyuta.

Mheshimiwa, Chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka masomo yake mtandaoni bila malipo. Mwaka 2011 kozi moja ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Stanford iliandikisha watu wapatao 160,000. Waliofika mwisho walikuwa elfu ishirini na kitu. Hao walioishia njiani tunawaelewa vizuri, maana ndivyo tulivyokuwa. Kila mmoja wetu alianza peke yake kwenye simu, na wengi hatukuvuka somo la tatu. Kozi ni ya bure, lakini bando tunanunua. Mwenzetu mmoja, fundi cherehani, alikuwa akisimamisha video kila baada ya sentensi ili atafute neno kwenye kamusi; akirudi, bando limekata.

Sasa mmoja wetu anapakua masomo usiku, bando linapokuwa nafuu, na kutugawia kwenye memori kadi. Jumamosi tunatazama pamoja kwenye kompyuta mpakato moja. Anayekijua Kiingereza anasimamisha na kueleza kwa Kiswahili, nasi tunaandika kila neno gumu kwenye kaunta buku. Siku ya somo la mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya biashara, tulibishana karibu saa nzima juu ya neno dhima, mpaka fundi wetu akasema, "Kumbe deni la kile kitambaa nilichochukua dukani kwa mkopo ndiyo dhima yenyewe!" Tangu siku hiyo anaandika mauzo na madeni yake kila jioni kabla ya kufunga cherehani.

Mheshimiwa, linalotuumiza zaidi ni cheti. Kozi nyingi zinakuruhusu kusoma bure, ila cheti kinalipiwa kwa dola, tena kwa kadi ya benki ambayo wengi wetu hatuna. Hata aliyekipata, akikipeleka kuombea kazi anaulizwa ni cha chuo gani. Nchi yetu iliunda Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kwa sheria ya mwaka 1992, na leo hakuna anayeshangaa mtu kusomea shahada akiwa nyumbani kwake. Tunaamini hata haya yetu yanaweza kupimwa na kutambuliwa.

Kwa hiyo tunaomba utusemee halmashauri ili maktaba ya shule hii iunganishwe na intaneti, wanafunzi nao wafaidi. Tunaomba pia utufikishie kwa waajiri wa hapa ombi moja: watupe mtihani wao wenyewe, watupime kwa tunachokijua. Na walimu wa Kiswahili watusaidie kuipitia kaunta buku yetu, kwani tumepanga kuwapa nakala vijana wa kata jirani wanaotaka kuanza.

Tunaomba kuwasilisha.