Barua ya wazi kwa wabunge wa Dar es Salaam: wanaolala vibarazani Kariakoo wana kazi, kinachowashinda ni kodi ya miezi sita

Waheshimiwa wabunge wetu wa mkoa wa Dar es Salaam, mlionizidi umri shikamooni, wengine habari za majukumu.

Mimi ni mama lishe, nauza chai, vitumbua na maharage Kariakoo, huu mwaka wa kumi na moja. Natoka kwangu Buguruni saa tisa usiku, saa kumi jiko limeshawaka, na kwa ajili ya hiyo saa naona kitu ambacho nyie mkipita mchana hamuwezi kukiona hata mkitaka, maana kufika saa kumi na moja na nusu kinakuwa kimeshakunjwa. Ni watu waliolala. Vibarazani kwenye maduka, juu ya mikokoteni, chini ya meza za wamachinga, wamejifunika viroba na maturubai, na msimu wa masika wanakaa tu wameegemea ukuta mpaka kunakucha kwa sababu baraza lote limelowa na hakuna pa kuuweka mgongo.

Kuna mzee mmoja namuita baba, umri wake kama wa baba yangu mdogo. Anaamka kabla ya adhana. Analikunja boksi lake mara nne, analifunga na kamba ya mpira, analisokomeza nyuma ya mita ya umeme ya duka, halafu ananawa uso na maji ya kwenye chupa, nusu ya chupa anabakiza kwa ajili ya mdomo na miguu. Shati analovaa limefuliwa. Akimaliza anakuja kunywa chai kwangu na vitumbua viwili, saa kumi na mbili anakodi mkokoteni anaanza kuvuta mizigo mpaka jioni. Mkimuona saa nne asubuhi hamuwezi kujua kwamba hana pa kulala.

Nalisema hili kwa sababu mtu akisikia "wanaolala nje" anawaza teja au ombaomba. Wapo, sikatai, na wao ni watoto wa watu. Ila wengi ninaowauzia chai mimi ni makuli, wavuta mikokoteni, wabeba zege, vijana wa kushusha kontena, akina mama wanaouza maji ya kandoro kwenye foleni. Hiyo biashara ya saa 24 iliyotangazwa hapa Kariakoo, mizigo yake inashushwa na hawa hawa. Wanafanya kazi kuliko watu wengi ninaowajua, na bado wanalala nje, kwahiyo swali ni kwanini?

Nimekaa nao nimepiga hesabu. Chumba kimoja cha kawaida huku kwetu Buguruni, choo cha uani, bila dari, ni elfu hamsini kwa mwezi. Elfu hamsini mvuta mkokoteni anaipata, sio kirahisi ila anaipata. Tatizo hakuna anayekupa chumba kwa elfu hamsini. Unaambiwa miezi sita, wengine mwaka, weka na mwezi mmoja wa dalali, hapo ni laki tatu na nusu mkononi kabla hujapewa funguo. Mtu anayepata elfu saba au nane kwa siku, anayekula mgahawani kwa sababu hana pa kupikia, analipia choo kila akienda na bafu kila akioga, ananunua maji ya kunywa, anatuma kidogo nyumbani, hiyo laki tatu na nusu ataikusanya lini, na ataiweka wapi wakati analala barabarani na mifuko inachanwa na viwembe usiku? Kukosa nyumba kwenyewe kunamla ile hela ya kupata nyumba. Hapo ndipo watu wetu walipokwama, waheshimiwa.

Na huko nyuma haikuwa hivi kabisa. Tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, na mabaraza ya nyumba ambayo mpangaji alikuwa anaweza kwenda kulalamika. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wameachwa waelewane wenyewe, na mnajua mwenye shida akikaa na mwenye funguo nani anaamua. Mawaziri wameshasema majukwaani kwamba kodi ya mwaka mzima inawaumiza watu, sawa, ila tamko halina mahali mtu anaweza kwenda kulishtakia. Tunaomba sheria.

Mimi mwenyewe nimepita hapo, ndio maana nina uchungu. Mwaka ambao mume wangu aliumwa, kodi yetu ya miezi sita iliisha akiwa kitandani. Nilikuwa na ya miezi miwili, nikampelekea mwenye nyumba nikapiga magoti, akasema yeye hachukui hela ya vipande. Tukatolewa vitu nje siku ya Jumapili, godoro, ndoo, begi la shule la mwanangu. Siku kumi na saba tulilala barazani kwa rafiki yangu Tandale, mume wangu mgonjwa ndani, mimi na watoto nje, na mwanangu wa darasa la tatu alikuwa ananiuliza akiulizwa shule anakaa wapi aseme wapi. Sikuwa na jibu. Hela ya miezi miwili nilikuwa nimeishika mkononi muda wote huo.

Simlaani yule mwenye nyumba, na nawaomba msifikirie wenye nyumba wote ni matajiri. Wengi huku uswahilini ni wajane na wastaafu wenye nyumba moja ya vyumba sita, ile hela ya mkupuo ndio anaezekea bati, ndio ada ya mjukuu, na wanaogopa mpangaji atakayekaa miezi mitatu halafu atoroke usiku. Hofu yao ni ya kweli. Kwahiyo sheria iseme kodi ni mwezi kwa mwezi, mwenye nyumba achukue na mwezi mmoja wa dhamana akae nao, mabaraza yarudi yawasikilize wote wawili haraka, sio kesi ya miaka. Na udalali mtu alipie kazi iliyofanyika, sio mwezi mzima kwa kuonyeshwa mlango tu.

Kitu kingine ambacho nadhani hamkijui, mtu asiye na mlango hana mjumbe, asiye na mjumbe hapati barua ya serikali ya mtaa, na bila barua ni shida kupata kitambulisho cha NIDA, bila NIDA hasajili laini kwa jina lake, hafungui akaunti. Ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, wanaisikia redioni tu. TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, inaandikisha kaya, huyu kaya yake ni boksi. Usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022 makarani wa sensa walipita na vishikwambi wakahesabu mpaka wanaolala nje, na wao wamo ndani ya wale watu milioni 5.38 wa mkoa huu. Kama walihesabika usiku ule, wekeni utaratibu kata iwape barua.

Halafu kuna hili la kukamatwa. Kila baada ya muda gari linapita usiku linawakusanya, uzururaji, asubuhi ndugu na marafiki tunachangishana kuwatoa, na mtu aliyekuwa ameweka elfu ishirini ya chumba anarudi sifuri. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hiyo hiyo iliyopo Arusha kwetu, Desemba 2020 ilishasema sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika na nchi zinatakiwa zizirekebishe au zizifute. Wazee wanaikumbuka Nguvu Kazi ya 1983, watu wakazolewa hapa mjini wakapelekwa vijijini wakalime, na wengi wakarudi kwa sababu riziki yao ilikuwa hapa. Miaka zaidi ya arobaini tunafukuza watu walewale.

Na msituambie haiwezekani. Magomeni Kota kaya 644 zilikaa karibu miaka kumi zinatangatanga baada ya kuvunjiwa, zimeahidiwa, zimesahauliwa, lakini Machi 2022 Rais Samia alizindua maghorofa yao na watu wamerudi. Sisi hatuombi maghorofa. Jengo moja lenye vitanda, bafu na kabati la kufunga na kufuli, mtu alipie elfu moja kwa usiku, karibu na soko, sio lipelekwe Chanika ambako nauli peke yake itamshinda.

Nirudi kwa yule baba. Hela yake naitunza mimi, kwenye daftari la mkopo ukurasa wa nyuma, elfu mbili mbili, siku nyingine mia tano. Juzi tumejumlisha wote wawili, imefika laki na arobaini. Kuna chumba jirani na kwangu, nimeenda kukiangalia, kina dirisha na mlango mzima, mwenye nyumba anataka miezi sita na dalali anataka mwezi wake, inabaki laki mbili na elfu kumi. Ingekuwa kodi ya mwezi kwa mwezi, huyu mzee angeshaingia toka mwezi wa pili, na hela ya mwezi unaofuata angekuwa nayo. Mwenye nyumba amesema anasubiri mpaka mwisho wa mwezi.