Mwiko niliompa mwanao

Dada yangu,

Salamu sana kutoka Busia, huku mpakani na Kenya. Sisi wazima. Jua la Januari limekaza, vumbi la malori linaingia mpaka kwenye kikombe cha chai, lakini wazima.

Ujumbe wako wa kwenye kundi la ukoo nimeusoma. Sote tumeusoma, hata shangazi, ambaye kazi yake humo ni kutuma maua na baraka za asubuhi. Safari hii ameandika aya nzima. Umesema ulinikabidhi watoto wawili wazima, na mmoja amerudi na alama ya moto mkononi. Ukaongeza, na hapo ndipo shangazi alipoingia kwa nguvu zote, kwamba kwetu ni mwiko mvulana kushinda jikoni, na kwamba shemeji amechukia. Basi kwa kuwa umenisema hadharani, nami nakujibu hadharani.

La moto kwanza, maana hilo kosa ni langu.

Ilikuwa Jumamosi, tunapika kabalagala. Simaanishi kile kitongoji chenu cha Kampala kisicholala; nasema zile za ndizi, alizokuwa akituuzia yule mama wa stendi tukiwa wadogo. Nilikuwa nimeacha kichane kizima cha ndizi sukari kiive mpaka maganda yakawa meusi, zile ambazo mgeni angezitupa. Mdogo wao alizimenya zote, akaziponda kwa mikono kwenye beseni mpaka zikamfika viwiko. Maji huongezi hata tone, wala sukari. Unga wa muhogo unatiwa kidogo kidogo, na ndizi zenyewe ndizo zinazoushika. Akatia, akakanda, akatia tena. Akaniuliza atajuaje kwamba umetosha. Nikamwambia donge likiacha kung'ang'ania vidole vyako, basi. Ungemwona alivyokaa akichomoa kidole kimoja kimoja na kukikagua! Tukasukuma kwa chupa ya soda, tukakata kwa mdomo wa glasi, mabaki tukayakusanya na kuyasukuma upya. Zilitoka hamsini na tatu. Hesabu ni yake, na ya mwisho alisema ni paka, ingawa mimi niliona ndizi tu.

Kukaanga ilikuwa zamu ya mkubwa. Karai lilikuwa juu ya sigiri, jiko letu la makaa, uani, mimi nimesimama pembeni. Mara simu ikalia: dereva mmoja amekwama upande wa pili wa mpaka, karatasi yake haisomeki. Nikasogea getini nimsikie vizuri. Dakika mbili, labda tatu. Mwanao akaona kijiko cha matundu kimeshika unga, akakisuuza kwenye ndoo kama mtu msafi alivyolelewa, akakirudisha kwenye mafuta kikichuruzika maji. Mafuta yakaruka.

Tulimmwagia maji ya jerikeni polepole, dakika 20 kwa saa ya simu ileile iliyoniponza. Jirani alikuja mbio na dawa ya meno, mwingine akashauri samli. Nikawakatalia wote wawili, maana mke wangu ni muuguzi na amenifunza kwamba vitu hivyo hufungia joto kwenye ngozi, kisha kuvisafisha baadaye ni mateso mengine. Lengelenge lilikuwa kama sarafu ya shilingi mia. Hatukulitumbua, tukalifunika kwa kitambaa safi. Mke wangu alipotoka zamu alilitazama, akasema mkono utapona, kisha akanitazama mimi. Aliyoniambia sitayaandika hapa.

Nisamehe, dada. Wa kusimama kwenye karai nilikuwa mimi. Tangu siku hiyo mafuta yakiwa motoni simu yangu inabaki chumbani, na uani kuna mstari wa mkaa ambao mdogo wao havuki.

Lakini kuna kipande ambacho sidhani kama ulisimuliwa. Jumamosi iliyofuata tulipika tena, na mimi nilijiandaa kukaanga mwenyewe. Mwanao akakitwaa kijiko, akakifuta kwa kitambaa, akakiinua juani akakitazama pande zote mbili, akakifuta tena. Ndipo akasogea kwenye karai. Sikusema neno.

Sasa hilo la mwiko.

Kumbuka ulimleta kwangu kwa sababu gani. Mtoto amemaliza PLE, mtihani wa darasa la saba, Novemba, Februari anaingia S.1, yaani kidato cha kwanza, na kwa mtaala huu ulioanza 2020 Kiswahili ni lazima S.1 na S.2. Ulinipigia ukasema mtoto wa mtu aliyezaliwa Busia hawezi kwenda kuaibika kwa Kiswahili, nimsaidie. Nikanunua kitabu cha mazoezi. Siku mbili tulikaa mezani, "huyu ni mwalimu, hawa ni walimu", mtoto akapiga miayo mpaka akaniambukiza. Siku ya tatu nikakifunga kitabu, nikampa mwiko.

Kitabuni kupika ni kitenzi kimoja tu. Jikoni, muhogo unamenywa, mboga zinachambuliwa, unga unachekechwa, mukene, dagaa wetu, unapepetwa, chapati inakandwa na kusukumwa, mchuzi unaungwa, ugali unasongwa. Hakuna aliyemkaririsha. Ukimwambia mtoto "chekecha" huku umemshikisha chekecheo, somo limekwisha. Alikuja akisema "napika ugali moto", kabla ya Krismasi nilimsikia akimgombeza dada yake, "Umechambua gani hii dodo, mashina yote yamo!" Dodo ndio mchicha wetu. Ngeli imemponyoka, lakini kugombeza kwa Kiswahili si jambo dogo. Na hilo neno ulilonitupia kwenye kundi alilijua kwanza kama mti wa kusongea ugali. Siku binti yangu alipomwambia lina maana nyingine, jambo lililokatazwa, alicheka mpaka akakaa chini. "Kwa hiyo, mjomba, mwiko ni mwiko?"

Ugali wake wa kwanza ulikuwa wa madonge. Ukikata unakuta unga mkavu katikati, mweupe, unapuliza vumbi. Tuliula. Nilikuwa nimewaonya wanangu wasicheke, na walijitahidi, isipokuwa yule wa katikati ambaye alikohoa kwa muda mrefu sana. Wa tatu ulisimama wenyewe kwenye sahani. Nilimfundisha kama mama alivyokuwa akifanya: maji yatokote kwelikweli, unga wa kwanza uwe mchache ufanye uji, uache upige mapovu, ndipo utie mwingine na kukandamiza kwa ubavu wa sufuria, si kuzungusha kama chai. Wa muhogo na mtama, ule mweusi wetu, nilimwambia asubiri. Ule unataka mabega, na yeye bado ni mwembamba kama nguzo ya bendera.

Shemeji, najua utasoma. Sibishani nawe kuhusu wanao. Nauliza tu: hizo rolex za Kampala, chapati za kuviringishwa na mayai, vijana wanaosimama kwenye sigiri kando ya barabara kuanzia alfajiri wakisukuma chapati na kupiga mayai, wengi si wanaume? Na kule bwenini, posho, ugali wa shule, ya watoto mia kadhaa inasongwa na nani, kama si wanaume wenye mwiko mrefu kama kasia? Jikoni penye mshahara tunaingia bila kuulizwa. Penye watoto wetu wenyewe ndipo tunapokumbuka mila.

Nami sikuzaliwa nikijua. Dada unanifahamu, nilioa nikiwa sijawahi kuchemsha yai. Kilichonifunza ni zile siku ambazo shule zilifungwa, tangu Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Mke wangu alikuwa hospitali siku nzima na mara nyingine usiku. Mimi nilikuwa na simu, foleni ya malori nisiyoweza kuifikia, na watoto watatu wenye njaa. Wiki ya kwanza tulikula mayai. Wiki ya pili watoto wenyewe walikataa mayai. Hapo ndipo tulipoanza, mimi na wao, sote wajinga sawa, tukiuliza kwa majirani kupitia ua. Likizo zote tangu hapo tumekuwa tukipika. Siwezi kusema nilipanga. Ni mazoea yaliyotokana na njaa.

Sokoni nako niliwapeleka, tena hapo ndipo Kampala ilipoonekana. Nilimpa mkubwa shilingi elfu kumi anunue vya chakula cha watu saba. Akarudi na nyanya, vitunguu, soda mbili na chenji ya aibu. Kila bei aliyotajiwa alikuwa ameikubali. Kesho yake nikamwambia aende na binti yangu, asifungue mdomo, asikilize tu. Hapa kwetu, kama unavyokumbuka, mwingine anataka pesa ya Uganda, mwingine ya Kenya, na shilingi moja ya ng'ambo wakati huo ilikuwa kama 28 za kwetu. Yule mtoto aliyefanya mtihani wa hesabu wa PLE mwezi mmoja tu kabla alisimama mbele ya fungu la nyanya akihesabu kwa vidole. Mpaka wiki ya pili alikuwa anageuza pesa kichwani kabla muuzaji hajamaliza kusema, na kuongeza, "Mama, tupunguzie, sisi ni wa hapa." Wa hapa! Nusura nimkumbatie.

Mdogo wao alipenda mukene. Sijui kwa nini. Wa miaka minane wengi hukimbia ile harufu. Tulinunua wa kutoka Majanji, ambao ng'ambo wanaita omena, na kwa kuwa huanikwa mchangani, mchanga unao. Nilimwonyesha jinsi ya kupepeta kwenye ungo, kisha kuosha kwa maji ya vuguvugu na kuacha mchanga utue chini. Alibadilisha maji mara sita. Ya saba yalikaa safi, akaniita nikaone chini ya beseni. Vichwa alitaka tuvitoe, maana "vinaniangalia". Tulivitoa. Jioni alikaa karibu na baba mkwe wangu, ambaye hasifu kitu, akamhesabia kila tonge. Mzee alimaliza, akanawa, akasema hakuna mchanga. Ndizo sifa, dada. Mtoto alilala na maneno hayo.

Na binyebwa, ule mchuzi wa karanga. Kwako karanga huja zimeshasagwa, kwenye kavera, mfuko wa plastiki. Hapa zilikuja na ngozi zake nyekundu, na kinu. Walitwanga kwa zamu, mchi mmoja, wakiimba wimbo wa shule ambao nadhani hauruhusiwi shuleni. Mchuzi wenyewe nilimwachia mkubwa, kwa sharti moja: unga ukorogwe kwanza na maji baridi, kisha usiuache peke yake, maana binyebwa ni kama maziwa, vinakusubiri ugeuke. Aligeuka. Vikamwagika, sigiri ikazimika nusu, uani kukanuka karanga zilizoungua siku mbili. Akajifunza kupunguza makaa, kuweka mwiko ndani ya sufuria na kukoroga bila haraka mpaka rangi ibadilike na mafuta yaanze kuonekana juu.

Hilo la binyebwa nimelitaja kwa sababu. Wiki iliyopita, Jumanne, saa moja na nusu usiku, simu yangu iliita kwa namba yako. Hukuwa wewe. Ilikuwa sauti ya chini sana: "Mjomba, vinapanda, nifanye nini?" Nikamwambia punguza gesi, usifunike, koroga. Nikamsikia akikoroga. Nikauliza dada wa kazi yuko wapi, akasema anaumwa kichwa, amelala. Wewe ulikuwa sokoni unafunga duka, simu umeisahau kwenye chaji. Tulikaa hivyo kama robo saa, mimi huku nikisikiliza mwiko ukigonga sufuria ya Kampala.

Aliniomba nisiseme. Jana nimempigia nikamwomba ruhusa, akafikiri, akasema, "Sawa, lakini mwisho wa barua."

Basi zile binyebwa za Jumanne, ulizozikuta zimefunikwa kwa sahani, ambazo shemeji aliongezewa mara mbili, asubuhi yake akampa dada wa kazi elfu tano na kumwambia ahsante: hiyo elfu tano ina mwenyewe.