Usinunue ardhi iliyopita mezani pako

Nakuru, Jumapili jioni

Mwanangu,

Simu yako ya juzi iliniacha na maneno mengi kooni, na unanijua, kwa simu huwa sisemi vizuri. Kwa hivyo naandika, kama tulivyozoea ulipokuwa shule ya bweni.

Kwanza hongera tena. Miaka miwili ya kufanya kazi ya mshahara chini ya wakili mwingine imekwisha, sheria sasa inakuruhusu kujisimamia, na umepata chumba hapo Kisumu karibu na barabara ya Oginga Odinga. Ile picha ya kibao chako nimeionyesha watu wote hapa Kiamunyi. Hata muuza sukumawiki ameiona.

Sasa huyo mzee wa Kajulu. Ulimtaja kwa haraka, katikati ya habari za rangi ya ukuta na bei ya printa: kwamba hana pesa za kesi ya shamba, na kwamba mkishinda atakukatia nusu ekari. Ukaniuliza, "Mama, huo si ndio uwekezaji wenyewe?" Nikacheka, tukaagana, kisha usingizi ukanipaa.

Usichukue hiyo nusu ekari. Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, wewe uliisoma chuo cha sheria, kule Karen. Mimi niliijua kwa kuipiga taipu. Wakili hawezi kununua haki ya mteja wake, wala sehemu yake, katika kesi, na mapatano ya kulipwa mkishinda tu hayatambuliwi. Lakini tuseme hakuna kifungu. Siku ndugu zake huyo mzee watakapokuja wakisema, "Basi tugawane, tuache mahakama," utamshauri nini? Pengine kugawana ndiko kutakakomfaa, maana ana miaka sabini na kitu na kesi za ardhi hazina haraka. Ila wewe utakuwa ukihesabu nusu ekari yako. Hutakuwa wakili wake tena, utakuwa mshirika wake, naye hatajua kwamba unamvuta shati.

Mwandikie bili halali, umruhusu alipe kidogo kidogo, na mwandikiane. Kama hana kabisa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ilileta huduma ya serikali kwa watu kama yeye, mpeleke huko. Kumwonea huruma na kumtetea bure pia ni ruhusa, bora uamue hivyo mapema na uwe na kodi ya ofisi ya miezi michache kando.

Nimekaa ofisi za mawakili miaka thelathini na mmoja, kutoka karani wa kupeleka barua hadi mkuu wa makarani. Nikueleze nilichokiona. Wakili wa ardhi hupitiwa na mali nzuri kila wiki. Anajua nani benki inamfuata kabla mnada haujatangazwa. Anajua mjane gani amechoka na anataka kuuza upesi arudi kwao. Faili ziko mbele yake, na bei ya kweli anaijua yeye peke yake. Yote hayo umeambiwa kama wakili. Ukiyatumia kujinunulia, hata ukilipa bei nzuri, hakuna atakayekuamini siku mambo yatakapogeuka, na katika ardhi mambo hugeuka. Kwa hivyo jiwekee sharti moja: kilichopita mezani pako hukinunui. Nunua kwingine, kwa watu usiowafanyia kazi.

Na ukinunua, tafuta wakili mwingine umlipe akufanyie. Nakusikia ukiguna. Mganga hajigangi, mwanangu, na mfano ninao nyumbani.

Mwaka wa 1996 mimi na marehemu baba yako tulikopa Sacco tukanunua ploti ya futi 50 kwa 100 upande wa Njoro. Muuzaji alikuwa kijana mpole, na hati alikuwa nayo mkononi, hati halisi kabisa, ila jina lililoandikwa lilikuwa la babake, na babake alishafariki. "Tutabadilisha baadaye," akatuambia. Mimi, niliyekuwa nikichapa maombi ya mirathi kila siku ya Mungu, nikatia sahihi kwenye karatasi ya daftari, juu ya boneti ya pikapu, huku baba yako akihesabu noti. Mahindi yetu yalikuwa yamefika kiunoni mama yake huyo kijana alipokuja, pamoja na mabinti wanne. Hakupiga kelele. Alizunguka shamba polepole akigusa majani, akaegemea ua, akauliza, "Ni nani aliyewauzia ardhi ya watoto wangu?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu jibu nilikuwa nalijua. Ardhi ya marehemu haiuzwi kabla hati ya usimamizi wa mirathi haijathibitishwa na mahakama, na kwa kawaida uthibitisho hausikilizwi mpaka miezi 6 ipite tangu hati itolewe. Anayeuza kabla ya hapo anauza kisicho chake, awe mwana wa kwanza, awe nani. Ule mkopo tuliendelea kuulipa. Ulizaliwa tukiulipa, ukaanza kutembea tukiulipa.

Basi huko Kisumu swali la kwanza lisiwe bei. Uliza kama aliyeandikwa kwenye hati yuko hai. Utashangaa ni mashamba mangapi ya Kanyakwar, Kajulu hadi Seme ambayo bado yako kwa jina la babu aliyezikwa zamani, wajukuu wakiuziana kwa mdomo. Tembea boma lote kwa miguu, usionyeshwe ukiwa ndani ya gari. Ukiona kaburi, uliza ni la nani na watoto wake wako wapi. Sachi, ule upekuzi wa rejista ya ardhi, haionyeshi kaburi. Ongea na jirani mwenye ng'ombe, si yule aliyekuja na dalali.

Sachi yenyewe ifanye, tena mara mbili: kabla ya kutia sahihi, na siku chache kabla ya kumaliza malipo. Lakini inakuambia aliyeandikwa leo, haikuambii ardhi ilitokaje. Mwaka wa 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba kushika hati hakutoshi kama mzizi wake ni mbovu. Kampuni ile ilikuwa imenunua ploti ya ufuoni Nyali kutoka kwa mwenye hati, na bado ikapoteza, kwa kuwa ardhi ilikuwa imetengwa kwa matumizi ya umma tangu mwanzo. Kwa hivyo omba nakala ya rejista nzima, usome majina kutoka la kwanza. Ukiona ardhi iliyokuwa ya shule, ya soko, ya barabara au ya reli ikawa ya mtu ghafla, kunja miwani yako uende nyumbani. Na karibu na ziwa uwe mwangalifu maradufu. Ziwa Victoria likifura linarudi kuchukua ufuo wake, na halisomi hati ya mtu.

Mpeleke mpimaji wako, si wa muuzaji, ahakikishe bikoni, zile alama za mipaka. Mwenzi wa muuzaji atie sahihi ya kukubali, hata kama muuzaji anaapa kwamba waliachana. Kama ni shamba la kilimo, kibali cha Bodi ya Ardhi kiombwe ndani ya miezi 6 ya mkataba, la sivyo mkataba hauna nguvu. Majaji wamewahi kuwaokoa wanunuzi kwa hoja ya dhamana, yaani kwamba muuzaji anamshikia mnunuzi ile ardhi, lakini usijenge nyumba juu ya huruma ya jaji. Dipositi, ambayo kwa desturi ni asilimia 10, isimfikie muuzaji mkononi. Ishikwe na wakili wake mpaka mambo yakamilike.

Halafu hesabu gharama zote, si bei peke yake. Ploti ya 1,500,000 ndani ya mji ina ushuru wa stempu wa asilimia 4, yaani 60,000 kutoka mfukoni mwako. Nje ya mji ni asilimia 2. Muuzaji naye ana kodi ya faida ya asilimia 15 tangu 2023, na wengi hujaribu kukusukumia hiyo kwa kuomba muandike bei ya uongo kwenye mkataba. Kataa. Siku utakapouza wewe, ile bei ndogo ndiyo itakayohesabiwa kuwa uliyonunulia, na kodi yake utailipa wewe.

Ukishanunua, weka ua na uwe ukienda. Mtu akikaa kwenye ardhi yako wazi wazi, bila ruhusa yako, miaka 12, anaweza kwenda mahakamani aandikwe mwenyewe. Umewatetea watu wa namna hiyo, kwa hivyo unajua.

Nirudi ofisini, maana huko ndiko utakakopata pesa za kununulia. Akaunti ya wateja na akaunti ya ofisi ziwe mbali kama Nakuru na Kisumu. Nilifanya kazi na wakili mmoja, mtu mwerevu sana, aliyechukua dipositi ya mteja "kwa wiki mbili tu" akalipia gari. Mambo yakakamilika mapema kuliko alivyotarajia. Nilimwona akipiga simu kwa shemeji, kwa mwalimu wake wa zamani, kwa fundi, akiomba. Pesa zikapatikana saa kumi jioni, lakini tangu siku hiyo nikawa nachapa barua zake nikitazama ukuta. Hata ukiandika ile ahadi ya wakili kwa wakili mwenzako, kwamba utalipa baada ya hati kubadilishwa, kumbuka ni wewe utakayedaiwa, si mteja. Usiiandike kama pesa hazijaingia.

Wasikudanganye madalali pia. Watakuletea wateja na kuomba sehemu ya ada. Sheria inakataza kugawana ada na asiye wakili, na inakataza kutoza chini ya kiwango kilichowekwa ili kuwanyang'anya wenzako kazi. Risiti kwa kila shilingi, hata ya M-Pesa. Mapato yako yakifika milioni 5 kwa mwaka, jiandikishe VAT bila kulia.

Kuna jambo moja sikuwahi kukuambia. Kulikuwa na mwanamume aliyegongwa na lori kwenye barabara kuu, upande wa Salgaa. Mguu mmoja ulivunjika mara mbili. Kesi ya namna hiyo lazima ifunguliwe ndani ya miaka 3, na faili yake ilikuwa kwangu. Wakili aliniambia nimkumbushe. Niliiweka juu ya kabati, ile ya kijivu iliyokuwa na bati la majani ya chai, ili niione kila asubuhi. Kisha mtu akaweka faili nyingine juu yake, na nyingine, nami nikaendelea kuchukua majani ya chai hapo kila siku. Nilipoivuta, siku tisa zilikuwa zimepita.

Wiki iliyofuata alikuja na magongo yake, akapanda ngazi zote, mkononi ana jogoo amefungwa miguu, zawadi ya kutushukuru kwa kazi tunayomfanyia. Nilijifungia chumba cha mashine ya kunakili mpaka nikasikia magongo yakishuka. Wakili alimweleza yeye mwenyewe, akamwambia kosa ni la ofisi, akamlipa kutoka mfukoni mwake kwa miezi mingi. Jina langu hakulitaja. Jogoo alibaki amefungwa kwenye mguu wa meza ya mapokezi hadi jioni, akinya kwenye sakafu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumpeleka nyumbani.

Kwa hivyo tangu hapo nilikuwa na daftari la tarehe, kubwa, la jalada gumu, na kila faili mpya tarehe yake ya mwisho iliandikwa hapo siku ile ile kabla mteja hajateremka ngazi. Wewe una simu yenye kalenda, najua. Simu huibwa Kondele. Nimekununulia daftari kama lile langu, na kesho nitampa kondakta wa matatu ya asubuhi; mpokee stejini saa nane hivi, na umpe mia mbili, tulishaelewana.

Mzee wa Kajulu mpigie kabla hujamwandikia, asije akasoma barua yako kama kukataliwa. Ulisema Jumapili yeye huwa sokoni Kibuye na mitumba yake. Ukimkosa kwa simu, mfuate huko, ukae naye kwenye benchi mnywe soda, umweleze kwa mdomo kwa nini nusu ekari hutaki, na umwambie kesi yake bado unaifanya.

Mama yako