Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Picha za Kaunti ya Custer na Picha Zetu

Wazee wetu, kina mama, ndugu wanachama,

Nianze na lawama, maana ndizo zilizonifuata mwaka mzima. Katika mkutano mkuu uliopita mliniuliza, na wengine hamkupunguza sauti, kwa nini chama cha wasemaji wa Kiswahili hapa Lincoln, Nebraska, kihangaike na picha za wakulima wa zamani wa Kaunti ya Custer, ilhali zetu wenyewe zimelala kwenye mabegi chini ya vitanda. Kamati ilishikilia uamuzi wake. Leo nawajibu.

Vikao vilifanyika kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, isipokuwa Januari, theluji ilipotufungia majumbani. Kumbukumbu zote anazo Katibu, sitazisoma hapa.

Custer iko katikati ya Nebraska, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka hapa. Kwa eneo ni kubwa kuliko jimbo zima la Delaware, lakini wakazi wake ni kama elfu kumi tu. Solomon D. Butcher alifika huko mwaka 1880 pamoja na baba yake, wakati serikali ikigawa ekari 160 kwa yeyote atakayeishi juu ya ardhi hiyo na kuilima miaka mitano. Jembe halikumpenda. Shamba aliliacha mapema, akashika kamera. Mwaka 1886 akajiwa na wazo ambalo majirani waliliona la kichaa: azungukie familia za kaunti nzima na gari la farasi, apige picha kila boma, aandike habari za wenyewe, kisha atoe kitabu. Kufikia 1892 alikuwa na picha zaidi ya 1,500 za Custer peke yake. Leo negativu zake za kioo, yaani vile vioo ambavyo picha husafishwa kutoka kwake, zaidi ya 3,000, zimehifadhiwa papa hapa Lincoln, katika hifadhi ya historia ya jimbo. Wengi wetu tumekaa mji huu miaka na hatukujua.

Nyumba zenyewe zilijengwa kwa ardhi: miti hakuna, basi watu walikata kwa plau mabonge ya udongo yenye nyasi na mizizi yake, wakayapanga kama matofali. Butcher aliwatoa watu nje, wakajipanga mbele ya mlango na kila walichokithamini. Familia ya Rawding, mwaka 1886, wamekaa mezani uani, tikiti maji limekatwa, na juu ya paa amesimama ng'ombe, kwa kuwa nyumba ilichimbwa ubavuni mwa kilima. Mzee wetu mmoja wa Kasulu alicheka hadi akavua miwani. Kuna mabinti wanne wa Chrisman, nao mbele ya nyumba ya udongo. Sheria ya 1862 ilimruhusu hata mwanamke asiyeolewa, akishatimiza miaka 21, kuomba ardhi kwa jina lake. Kina mama wa kamati walirudi kwenye picha hiyo mara tatu.

Lakini iliyotushika ni ya familia ya Hilton. Mama wa nyumba alikuwa na kinanda cha kukanyaga kwa miguu, kama vile vya makanisani kwetu. Alitaka jamaa zake wa mashariki wakione, ila nyumba ya udongo wasiione kabisa. Basi kinanda kikaburutwa hadi nje, wakapigwa picha wamekizunguka, nyumba ikaachwa nje ya picha. Chumba kilikaa kimya, kisha Mama Mweka Hazina akasema, "Huyu ni sisi." Nani kati yetu hakutuma nyumbani picha ameegemea gari la mtu, mwaka wake wa kwanza Marekani? Kwangu mimi, swali la mwaka jana lilijibiwa palepale.

Ipo pia ya mwaka 1887 ya familia ya Jerry Shores, karibu na Westerville. Jerry alizaliwa utumwani. Nduguze, Moses Speese na Henry Webb, walichukua ardhi jirani naye. Majina matatu tofauti kwa ndugu watatu, kwa sababu kila mmoja alibeba jina la aliyemmiliki. Asingeandika mtu habari hiyo, nani leo angejua kuwa ni ndugu? Picha peke yake isingesema.

Na karibu yote yangepotea hivyo. Mwaka 1899 nyumba ya Butcher iliungua, na habari za familia alizozikusanya zikateketea. Negativu zilinusurika kwa sababu zilikuwa kwenye ghala la nafaka. Ilibidi aanze upya kukusanya maneno, kitabu kikatoka 1901. Alikufa 1927 akijiona mtu asiyefanikiwa. Miaka mingi baadaye wahifadhi walipoziskani negativu zile, giza la milangoni lilifunguka na vitu vya ndani vikaonekana.

Nitaje na kasoro, msije mkadhani nimemfanya mtakatifu. Picha yake ya watu waliojifunika nyuso wakikata uzio wa ranchi, tukio la 1885, iliigizwa mbele ya kamera miaka baadaye. Inafaa kutukumbusha tusiamini kila picha kwa sababu tu imezeeka.

Sasa yetu. Kosa kubwa la mwaka ni langu. Nilipeleka duka moja bahasha za picha za wanachama ili ziskaniwe, bila kuandika chochote nyuma. Zilirudi zote, lakini zimechanganywa. Nyingine tumezirudisha kwa wenyewe kwa kutambua sura. Chache, za Uvira na za kambini Nyarugusu, hadi leo zimo kwenye sanduku langu na hakuna anayezidai. Nawaomba radhi wenye nazo. Zitawekwa mezani baada ya chai, kila mmoja azitazame kabla ya kuondoka.

Hesabu atazisoma Mama Mweka Hazina. Niseme tu kwamba ada haitapanda, na kwamba petroli ya safari ya Broken Bow, kwenye makumbusho ya kaunti, ililipwa na wasafiri wenyewe.

Kikao kijacho njoni na picha tatu kila mmoja, zisizidi, na ikiwezekana mje na mzee anayezijua sura. Tutaandika nyuma, kwenye ukingo: nani, wapi, mwaka gani, na nani aliyeshika kamera. Tutatumia penseli laini bila kukandamiza, maana wino wa kalamu hupenya hadi usoni. Penseli zimeshanunuliwa.