Mbuzi jike si yaya

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maelezo ya ufugaji yanayotafsiriwa kutoka Kiingereza, ambamo nimekuta neno "nanny" likifasiriwa "yaya", hata mfugaji akaelekezwa kumkamua yaya asubuhi na jioni. Kwa Waingereza, neno hilo likitajwa pamoja na mbuzi humaanisha mbuzi jike, na limetokana na Nan, ufupisho wa jina la kike Ann, kama vile beberu anavyoitwa "billy" kutokana na William. Hata hivyo, hayo ni maneno ya mazungumzo. Wafugaji wanaoandikisha mbuzi wa maziwa wenye nasaba inayojulikana, kama Toggenburg na Saanen, hupendelea "doe", neno ambalo pia humtaja sungura jike.

Linalonishangaza ni kwamba mfasiri huhangaika hivyo ilhali Kiswahili kina hazina kubwa: mtamba ni jike ambaye hajazaa, na mbarika ni yule aliyekwisha kuzaa. Tofauti hiyo si pambo, kwa sababu mtamba akipandishwa kabla mwili haujakomaa, ingawa ameonyesha dalili za joto, huweza kudumaa au kupata shida ya kuzaa, na mbarika anayenyonyesha huhitaji chakula na maji zaidi. Ningeomba mfasiri autazame umri na hali ya mnyama anayezungumziwa, kisha achague jina, na akikosa uhakika aandike "mbuzi jike" tu.

Mfugaji wa mbuzi wa maziwa,
Meru, Kenya